Zamu ya Moto Juu ya Mto Blackfoot

Lile hema la Mzee, hata likikunjwa vizuri, huwezi kulikumbatia. Ni turubai la pamba tupu, aunsi 10 kwa kila yadi ya mraba, futi 14 kwa 16, na kuta zake zinamfika mtu mzima kifuani. Shemeji alishika upande wake, mimi wangu, tukalishusha kutoka kwenye gari huku Mzee akitufokea tulinyanyue, tusiliburute kwenye theluji. Ilikuwa Novemba 2019, msituni juu ya mto Blackfoot, kaskazini-mashariki ya Missoula, jimbo la Montana.

Tulikwenda kuwinda elki, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye pembe za matawi, ambaye dume lake hupita kilo 300. Msimu wa kumwinda kwa bunduki huko huanza mwishoni mwa Oktoba na kufungwa Jumapili inayofuata Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, mwisho wa Novemba au mwanzo wa Desemba. Nasema tulikwenda, lakini wawindaji walikuwa Mzee na shemeji. Sheria ya Montana inasema aliyezaliwa baada ya Januari 1, 1985 hapewi leseni mpaka apite kozi ya usalama wa uwindaji. Shemeji alisoma akapita, cheti akakibandika kwenye friji. Mimi zamu za usiku kazini hazikuniachia nafasi ya kozi. Nikaalikwa kupika na kulinda moto.

Mzee ni jirani yetu, ndiye aliyenifundisha kuendesha gari kwenye barafu. Tulimwita Mzee tangu wiki ya kwanza, naye akalipenda jina kuliko lake. Aliponiambia tukalale hemani, katikati ya Novemba, nilidhani anatania. Sisi Wakongo wa Missoula, tulioanza kuletwa mji huu 2016, mahema tunayajua, na hatuna hamu nayo. Nilivuka Ziwa Tanganyika nikiwa mtoto, 1996, tukapokelewa Kigoma, tukapelekwa Nyarugusu kule Kasulu. Makazi yetu ya kwanza yalikuwa fito na shitingi, ile karatasi ya plastiki ya wakimbizi. Mchana ilichoma, usiku ilipiga kelele kwa upepo, na mvua ikinyesha maji yalikusanyika katikati yakatengeneza tumbo. Moto ulikuwa nje, mafiga matatu, kwa sababu ndani ulikatazwa, na hata usingekatazwa nani angethubutu kuwasha moto chini ya plastiki na nyasi kavu? Mama alipika sombe akiwa na kitambaa cha kichwa kimelowa, akipuliza kuni mbichi, macho mekundu. Kisha tulifyatua tofali, tukajenga nyumba ya udongo, na shitingi ikawa ya kuanikia mihogo. Hema kwangu lilikuwa kitu cha kukungojeshea nyumba.

Basi nikaanza kuona tofauti pale tulipolisimamisha. Kiunzi cha Mzee ni mabomba ya chuma, yale ya kupitishia nyaya za umeme ukutani, yaliyounganishwa kwa viungo vya kona alivyochomelea mwenyewe. Zamani, alisema, walikata misonobari myembamba papo hapo, siku hizi hataki kukata miti kila mwaka kwa ajili ya usingizi wake. Unaunga paa kwanza likiwa chini, mtambaapanya katikati, unavuta turubai juu yake, ndipo unaingiza miguu upande mmoja, halafu wa pili, na nyumba inainuka. Chini ya kuta kuna pindo pana linalolala ardhini. Tulilifukia kwa theluji pande zote isipokuwa mlangoni, na upepo ukakatika saa hiyo hiyo. Sikutegemea theluji iniletee joto.

Kisha likaja jiko. Ni kasha la bati nene la chuma lenye miguu ya kukunja na tangi la maji ubavuni, na ndani yake, kwa safari, hukaa vipande vya bomba vilivyochomekana. Mzee alimwaga mchanga ndani ya jiko, chini kabisa, kiasi cha vidole viwili, ili makaa yasile chuma. Bomba likapandishwa, inchi 5 upana wake, likapita kwenye tundu la paa lililozungushiwa kitambaa kisichoungua, likatokea nje hadi kuupita mgongo wa hema. Juu kabisa akaweka wavu wa kuzuia cheche. Wenye tahadhari zaidi hutandika turubai jingine juu ya paa. Mzee hana, na paa lake lina viraka vidogo vidogo vinavyokuonyesha upepo ulikuwa unavuma kwenda wapi miaka aliyosahau kusafisha ule wavu.

Shemeji alilizunguka jiko kama fundi anayekagua pikipiki ya mtu mwingine.

"Shemeji," aliniambia kwa Kiswahili, Mzee asisikie, "tutajifungia humu na moto?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mimi mlango siufungi."

Sikumcheka. Huko kwetu penye baridi husikika kila mwaka habari za watu walioingiza jiko la mkaa chumbani, wakaziba mlango na dirisha, asubuhi wakakutwa hawapumui. Tulikua na hofu hiyo. Nikamuuliza Mzee waziwazi. Hakuona swali la kitoto. Alichukua kibiriti, akawasha njiti, akaishikilia kwenye kilango cha hewa cha jiko, na ule mwali mdogo ukalala kuelekea ndani. Bomba linavuta, alisema. Hewa ya moto inapanda, inaondoka na moshi na ile sumu isiyo na harufu, na hewa safi inaingia chini ya mlango kushika nafasi yake. Jiko la mkaa halina bomba, kwa hiyo sumu yote inabaki na wewe. Hatari ya jiko hili, alisema, ni mtu kulibana bamba la bomba, kile kifuniko cha ndani cha kupunguza mvuto, hadi mwisho usiku akitaka kubania makaa, au wavu wa juu kuziba kwa masizi. Ndiyo maana humo hemani kulikuwa na kengele ndogo ya betri ya kunusa hiyo gesi, imetundikwa usawa wa vitanda, na mlangoni palikuwa na nafasi ya kiganja ambayo haizibwi kwa sababu yoyote. Shemeji aliridhika nusu. Kitanda chake alikisogeza pale kwenye nafasi ya kiganja.

Kuni zilikuwa za lachi. Huu ni mti wa jamii ya msonobari wenye tabia ya ajabu, majani yake yanageuka dhahabu vuli na kupukutika yote, ukiuona Novemba utadhani umekufa. Wanaotafuta kuni huchukua kibali cha msitu na kukata uliokufa kweli, uliokaukia wima. Unapasuka kwa shoka kwa pigo moja na unawaka kwa hasira. Kwa usiku Mzee aliweka kando magogo manene ya mti wa Douglas, yenye unyevu kidogo, ya kuungua polepole.

Tulipowasha, hema lilipata joto kabla sijavua glavu. Baada ya muda tukabaki na fulana. Turubai jeupe lilipokea mwanga wa taa, soksi na buti zikaanikwa kwenye kamba chini ya mtambaapanya, sufuria ya maharage ikachemka juu ya jiko, na nje kipimajoto cha gari kilikuwa kimeshuka nyuzi 18 chini ya sifuri. Ila ukikaa ndipo unagundua joto lote limekwenda kukaa juu. Kichwa kilikuwa Uvira, kwetu Kongo, miguu Montana. Mzee alikuwa ameleta zulia kuukuu na magodoro ya sponji ya kuweka juu ya vitanda vya kukunja, akasema baridi ya kitandani haitoki hewani, inatoka chini. Bunduki hakuziingiza. Chuma baridi kikiingia kwenye joto hutoa jasho, ukikitoa nje alfajiri jasho lile linaganda na bunduki inakusaliti mbele ya mnyama. Zililala ndani ya gari, bila risasi.

Kabla ya kulala niliweka gogo la Douglas juu ya makaa ya lachi, nikageuza bamba la bomba nusu, nikapunguza kilango. Nilijiona mpishi mkuu.

Kilichoniamsha ni ukimya. Jiko lililokuwa likinguruma lilikuwa limenyamaza na pua yangu ilikuwa imekufa ganzi. Niliwasha tochi ya kichwani. Paa lote lilimetameta: pumzi zetu watu watatu zilikuwa zimepanda, zikagandia kwenye turubai kama unga wa muhogo. Kisha nikasikia bomba la kiunzi likilia, kii, upande wa nyuma juu ya kitanda cha Mzee. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha. Karibu na jiko paa lilikuwa na joto, theluji ilikuwa imeyeyuka na kuteleza yenyewe. Kule nyuma joto halikufika, na ilijilundika hadi turubai likashuka tumbo. Lile tumbo nililijua. Nilikuwa nimelilalia utotoni, nikilisubiri lipasuke.

Mzee alikuwa ameacha ufagio karibu na jiko, nikadhani ni wa kufagia. Niliuweka upande wa bapa chini ya lile tumbo, nikasukuma juu taratibu. Kwanza halikutaka. Nikasukuma tena, na bamba zima la theluji likateleza, likaanguka nje kwa kishindo.

"Dubu!" Shemeji alikuwa ameshasimama, mguu mmoja ndani ya begi la kulalia.

"Theluji, shemeji. Lala."

Dubu wapo kweli milima ile, tena wale wakubwa wenye nundu, kwa hiyo simlaumu. Mzee aligeuka upande wa pili, akasema asante kwa Kiswahili, akaendelea na usingizi wake.

Nilifungua jiko. Chini ya majivu kulikuwa na makaa machache. Nikayakusanya pembeni, nikachana ukuni wa lachi kwa kisu hadi ukawa vijiti, nikafungua bamba lote na kilango chote, nikapuliza. Magoti yalikuwa kwenye zulia, shavu karibu na majivu, na moshi kidogo ulinirudia usoni kabla bomba halijashika. Nikajua nimefanana na nani. Kisha likashika. Ile sauti ya moto kuvutwa juu ni kama nguo inayopasuliwa, na baada yake chuma kinaanza kulia tik-tik.

Shemeji hakulala. Alikuja akakaa kwenye gogo, blanketi mabegani.

"Kule kambini," alisema, "lingekuwepo bomba moja kama hili..."

"Tungeunguza zone nzima."

Alicheka, halafu akakaa kimya. "Lakini fikiria. Mvua ile, na moto ndani."

Nilifikiria. Tulikuwa tunalilaumu hema wakati wote, kumbe hema halikuwa na kosa kubwa. Turubai ni turubai, linakata upepo, basi. Kilichotufanya tuonekane wakimbizi usiku kucha ni kukosa tundu la moshi. Nilimwambia hivyo, naye akasema ningesema hayo kwa Mama, Mama ndiye aliyepuliza. Tukanywa chai ya tangawizi kutoka kwenye tangi la ubavuni, na ule unga wa paa ulipoanza kuyeyuka ukatudondokea shingoni, tone hapa, tone pale, mpaka paa likakauka. Kuanzia hapo sikutegemea tena gogo peke yake. Niliamka, nikaongeza, nikalala, nikaamka. Mtu akikwambia jiko la kuni hemani linajiendesha hadi asubuhi, huyo alikuwa na mwenzake aliyekuwa anaamka.

Uwindaji wenyewe nitaueleza kwa kifupi, sikuuona. Walitoka gizani na fulana zao za rangi ya chungwa, kwa kuwa sheria inaruhusu kupiga kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Siku hiyo hawakupata kitu. Siku ya pili shemeji alimpiga jike, wakamkata vipande wakamvuta kwenye sleji, na nyama tukaitundika mtini mbali na hema, mita 3 kwenda juu, kwa ajili ya wale wenye nundu. Shemeji alipiga picha nyingi kiasi kwamba betri ya simu iliisha kwa baridi.

Kulikunja hema kulikuwa kazi kuliko kulisimamisha. Lilikuwa na unyevu, na turubai la pamba ukilikunja bichi ukaliacha, ukungu unalila, unakuta madoa meusi na uzi unakatika kwa kidole. Tulilipeleka hadi kwenye banda la Mzee, tukalitandaza kwenye boriti, likakaa huko mpaka likakauka kabisa.

Mama alitungojea na sufuria kubwa. Alipokea paja la elki, akalinusa, akaliona halina kasoro. Ndipo akataka kusimuliwa. Nilipofika kwenye habari ya kulala hemani aliacha kukata kitunguu.

"Kwa hiari yenu?"

"Ndiyo, Mama."

"Na nyumba mnayo. Kodi mmelipa."

Shemeji alimwonyesha picha: jiko, bomba, soksi kwenye kamba, mimi na fulana nikikoroga maharage. Mama aliikuza ile picha kwa vidole viwili, akalitazama lile bomba linavyoingia paani, akataka kujua kama moshi ulitoka wote. Tukasema wote. Akauliza mara ya pili, tukasema wote, Mama. Akaturudishia simu.

"Hema mrudishieni mwenyewe," alisema. "Hilo jiko niulizieni bei."