Kiolezo cha Faili na Mradi Unaokistahili

Mwezi uliopita kijana aliyejiunga na timu yetu hivi karibuni alifungua mradi wa tovuti katika Visual Studio, programu tunayoandikia msimbo, akabonyeza Ctrl+Shift+A ili aongeze faili mpya, akachagua kiolezo (faili ya mfano ya kuanzia) nilichokuwa nimekitengeneza kwa ajili ya madarasa ya majaribio ya msimbo, na papo hapo kompaila ikamjazia skrini makosa kwa kuwa mradi ule haukuwa na xUnit, maktaba ya kuandikia majaribio, ambayo kiolezo hicho huitegemea. Alikuja kwangu akiomba radhi. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu mtu anayeonyeshwa kitu katika orodha ana haki ya kuamini kwamba kinafaa mahali alipo.

Kiolezo kile nilikitoa kwa amri ya Export Template, nayo huunda faili ya zip yenye msimbo wenyewe pamoja na faili ya vstemplate, ambayo ni XML ya kawaida. Humo ndani mna tagi ya ProjectType, na jina lake ndilo lililonipotosha kwa muda mrefu. Nilidhani hutaja aina ya mradi, kumbe thamani ya CSharp inayokaa humo hutaja lugha tu. Basi tovuti, maktaba, huduma ya nyuma na mradi wa majaribio, maadamu vyote vimeandikwa kwa C#, vyote hukipokea kiolezo bila kubaguliwa.

Tagi inayobagua kweli ni AppliesTo, ambayo huwekwa ndani ya TemplateData na imekuwapo tangu Visual Studio 2013 Update 2. Hiyo haiulizi lugha peke yake, bali huuliza uwezo ambao mradi umejitangazia, yaani majina mafupi yanayoeleza mradi ni wa namna gani. Kwa kiolezo changu niliandika hivi:

<AppliesTo>CSharp + TestContainer</AppliesTo>

Alama ya kujumlisha ina maana ya "na", mstari wima una maana ya "au", na alama ya mshangao hukanusha. Alama ya & nayo hukubaliwa badala ya kujumlisha, lakini katika XML ni lazima iandikwe &amp;, na ndiyo maana naiepuka. Uwezo wa TestContainer huletwa na kifurushi cha Microsoft.NET.Test.Sdk, kwa hiyo mradi wowote wa majaribio unaotumia kifurushi hicho unao bila mtu kuuandika.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba tunaweza kubuni uwezo wetu wenyewe. Tuna miradi kadhaa inayotoa ripoti, na kila faili ya ripoti huanza kwa mpangilio uleule. Hakuna uwezo uliotengenezwa tayari unaoitambulisha miradi hiyo. Mstari mmoja katika faili ya csproj, yaani faili ya mipangilio ya mradi, ndani ya ItemGroup, ulitosha:

<ProjectCapability Include="MradiWaRipoti" />

Baada ya hapo kiolezo cha ripoti kinaandikiwa AppliesTo yenye jina hilo, basi. Kama miradi ya aina moja imekaa katika folda moja, mstari huo ni bora uwekwe katika Directory.Build.props, faili ya mipangilio ya pamoja ya folda hiyo, ili mradi mpya utakaozaliwa humo uurithi bila mtu kukumbushwa. Naupenda utaratibu huu kwa sababu unaufanya mradi ujieleze wenyewe, na maelezo hayo husafiri pamoja na msimbo hadi kwenye kompyuta ya kila mwenzetu.

Ukitaka kujua mradi una uwezo gani hasa, ongeza kwa muda uwezo unaoitwa DiagnoseCapabilities, na orodha nzima itajitokeza chini ya mradi katika Solution Explorer. Mimi niliutumia baada ya kuhangaika na kiolezo kilichokataa kuonekana, nikagundua kwamba nilikosea herufi moja katika jina la uwezo.

Wanaotumia dotnet new, amri ya kuunda miradi na faili kutoka kwenye violezo bila Visual Studio, nao wana njia inayofanana: tangu SDK (vifaa vya kuundia programu) ya .NET 7, faili ya template.json, inayoeleza kiolezo, hukubali sehemu ya constraints, ambamo sharti la aina ya project-capability hupewa usemi kama "CSharp & TestContainer". Hapo ni JSON, hivyo alama ya & huandikwa kama ilivyo.

Nimekwisha kuvipitia violezo vyetu vyote na kuviwekea mipaka hii, isipokuwa kile cha kiolesura kitupu, ambacho kweli kinafaa katika kila mradi wa C# tulio nao.