Safu ya tano

Nyumba ninayokaa hapa Hamburg inaongozwa na kalenda. Si ya kwenye simu. Ni ya karatasi, imetundikwa jikoni ubavuni mwa friji, na kila ukurasa una safu tano: ya mama mwenye nyumba, ya mumewe, ya binti yao wa darasa la tatu, ya bibi anayekaa chumba cha chini, na ya mwisho ambayo nilipofika Jumamosi ile ya Julai ilikuwa tayari ina jina langu kwa kalamu ya kijani. Begi sijafungua, viatu ndiyo kwanza navivua, na nimeshapangiwa. Jumatatu: shule. Jumanne: kutoa pipa. Jumatano: chakula cha jioni.

Hiyo ya Jumatano nilidhani tutakwenda kula mahali. Nikauliza. Hapana, mama akajibu huku akinimiminia maji, Jumatano unapika wewe.

Mtu wa Kigamboni, Dar es Salaam, akisikia hivyo anapiga simu kwao. Mama yangu ni mama lishe, ana banda lake karibu na kivuko, amelisha makuli na walimu na wachuuzi wa samaki tangu mimi sijaanza shule, na hajawahi kumwambia mteja aingie nyuma akakoroge sufuria. "Kwani hela zao hujawapa?" akaniuliza. Nikamwambia nimewapa, shule ya lugha ndiyo iliyonitafutia familia na kila mwezi nalipia chumba na chakula. Akafikiri. "Basi wanakujaribu."

Hawakuwa wananijaribu. Baba anapika Ijumaa, mama anapika Jumatatu, binti anapanga meza hata siku ambayo uso wake unasema hataki, na bibi, aliyevuka themanini, anamenya viazi na kuvihesabu. Asiye na safu pale ukutani ni paka tu.

Siku ambazo hakuna jina la mpishi, jioni ni mkate. Nilikuwa nimesoma habari hiyo kabla sijaja lakini kusoma ni kitu kingine. Saa kumi na mbili na nusu juu ya alama mnakaa mezani, na mezani kuna mkate mweusi mzito kama tofali, siagi, jibini za aina tatu, matango, figili, samaki aliyekaushwa kwa moshi. Vyote vya baridi. Hakuna kitakachofuata. Mimi nilikula vipande viwili kwa adabu nikisubiri chakula, mpaka nilipoona baba anafunika siagi.

Ila kuna jambo moja niliona jioni hiyohiyo ya kwanza. Kwenye fomu ya shule nilikuwa nimejaza kwamba sili nguruwe. Soseji zilikuwepo mezani, lakini zimewekwa mwisho kabisa, upande wa baba, kwenye ubao wake na kisu chake chenye mpini mwekundu. Binti alipotaka kuchukua kisu kile akate jibini, bibi alimgusa mkono tu, hakusema neno. Hakuna aliyenieleza kwamba wamenipangia hivyo, wala hakuna aliyesubiri nishukuru. Kwetu tungelisema mara saba na jirani angejua.

Salamu ndizo zilizonipa taabu. Wazazi wote wawili waliniambia niwaite kwa majina yao ya kwanza. Baba ana mvi! Mdomo ukakataa. Kwa siku kadhaa sikumwita mtu yeyote. Nilikuwa nasimama karibu, nakohoa kidogo, nangoja mtu ageuke. Bibi ndiye aliyenirahisishia maana kila mtu, hadi mpeleka barua, anamwita Oma, yaani bibi, basi na mimi namwita Oma na roho inatulia. Asubuhi nashuka kumsalimia kabla ya chai. Mwanzoni alifungua mlango akiuliza kuna tatizo gani. Sasa anauacha wazi. Katika hili, niseme tu, sisi tumewapita.

Kuhusu jua sijui nianzie wapi. Sisi wa Dar tumezoea jua lenye nidhamu: Julai, saa kumi na mbili na nusu jioni limeshazama, adhana imeshasomwa. Hapa nimeshakula, nimeshaosha vyombo, nimeshavaa nguo za kulalia, na nje watoto wanaendesha baiskeli kama saa tisa alasiri. Magharibi inaingia saa tatu na dakika arobaini. Halafu unangoja Isha, na wekundu hauondoki, kwa sababu wakati huu wa mwaka, huku juu kaskazini, usiku wenyewe haukolei; upande mmoja wa anga unabaki na weupe hadi alfajiri. Nikaenda msikiti ulioko mtaa wa St. Georg, nyuma ya stesheni kuu, ule wenye minara miwili iliyopakwa kijani na nyeupe, nikachukua ratiba yao. Wao wana hesabu zao za kukadiria Isha kwa miezi kama hii. Mzee mmoja wa Kituruki alinitazama nilivyokuwa naisoma, akanipiga bega, akasema kitu ambacho sikukielewa lakini kilikuwa na neno la Desemba ndani yake. Nimeambiwa baadaye: Desemba jua linazama saa kumi jioni.

Na kibla. Maisha yangu yote kibla ni kaskazini, kwa sababu Dar na Makka karibu ziko kwenye mstari mmoja, moja chini nyingine juu. Hapa ni kusini-mashariki, na chumbani kwangu kusini-mashariki kulikuwa na kabati. Baba aliponiona nazunguka na simu mkononi aliuliza natafuta mtandao? Nikamweleza. Hakusema lolote. Akaleta dira yake ya kupandia milima, akahakiki simu yangu kama inasema kweli, tukasukuma kabati pamoja.

Mapipa ni manne: la bluu la karatasi, la njano la plastiki na makopo, la kijani la maganda na mabaki ya chakula, jeusi la vilivyobaki. Chupa za vioo hazimo humo. Zinapelekwa kwenye makontena mtaani, nyeupe kivyake, kahawia kivyake, kijani kivyake, na si Jumapili maana zinapiga kelele. Mwalimu wangu ni yule binti. Wazazi wana haya ya kunirekebisha, yeye hana. Kikopo cha mtindi, kwa mfano, huwezi kukitupa hivihivi. Lazima kifuniko kile cha bati laini ukibandue kabisa, kwa sababu mashine ya kuchambua haijui kutenganisha. Alinionyesha, akanipa cha pili nijaribu, akasimama pale kama mtahini.

Jumapili maduka yamefungwa. Yote, jamani. Mji una watu karibu milioni mbili na huwezi kununua hata sabuni. Baba akasema, kwa kuwa wewe ni mtu wa kivuko, twende nikuonyeshe kivuko chetu. Tukapanda treni hadi Landungsbrücken, na pale tukaingia kwenye boti namba 62 inayovuka kwenda Finkenwerder. Tiketi ni ileile ya treni na basi. Nilicheka peke yangu. Nyumbani unatoa shilingi mia mbili, unabanana na bajaji, baiskeli zenye matenga ya nanasi na mtu mwenye jogoo, halafu geti likifunguliwa mnakimbia kama mmefukuzwa. Hapa watu walikaa juu na aiskrimu. Lakini harufu ya dizeli ni ileile, na ule mtikisiko wa chuma chini ya nyayo wakati chombo kinagusa gati, huo ningeujua hata nimefumba macho.

Baba anaijua Dar. Aliniambia Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu 2010, jambo nililolijua vizuri kwa sababu niliandika aya nzima juu yake kwenye barua ya maombi ya viza. Kisha akanyoosha mkono kuelekea upande wa bandari ya zamani, akasema meli za kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki zilikuwa zinatoka mji huu, tangu 1890, kwenda kwetu. Alisema polepole, akitafuta maneno mepesi nimwelewe, na akanitazama kuona nitasema nini. Nikamwambia najua meli zilileta nini na zilirudi na nini. Shuleni tunafundishwa Maji Maji. Akaitikia kwa kichwa. Tuliendelea kuongea habari hiyo hadi Finkenwerder na kurudi, Kijerumani changu kikikatika njiani mara kwa mara, na nadhani ndiyo siku nilipoacha kukohoa kabla ya kumwita.

Jumatano ikafika. Mtaa wa Steindamm, hatua chache kutoka stesheni kuu, una maduka ya Waafghani na Waturuki na wengine, nikapata mchele wa basmati, tui la kopo, bizari, pilipili za kuwasha kweli. Maharage niliyaloweka usiku wake na bibi akaja kuyaangalia asubuhi kama mgonjwa. Nikapika wali wa nazi, maharage ya nazi, kachumbari bila pilipili na nyingine yenye pilipili. Jiko lao ni kioo kitupu, moto huuoni, unabonyeza namba. Nilikuwa nashika pembeni ya sufuria kuhakikisha. Mkaa wa kupalia juu ya mfuniko hakuna, basi wali ulipokaribia kukauka nikausukuma kwenye oveni na sufuria yake, moto mdogo, nikaomba Mungu.

Ukaiva. Mama mwenye nyumba aliongeza mara mbili na kuniomba nimwandikie vipimo, na hapo nikakwama kwa sababu kwetu kipimo ni kiganja. Nilipoanza kukwangua ukoko ili nioshe sufuria, bibi akaniomba nisiutupe. Akakaa na sufuria ileile na kijiko, akala wote, ukilia mdomoni mwake kama karanga. Akasema alikuwa na miaka sita ule msimu wa baridi wa 1946 kuingia 1947, mji umebomolewa na mabomu, chakula kwa kadi, na kwamba mama yake alikuwa anawapa zamu watoto: leo wewe ndiye wa sufuria, kesho mwenzako. Mjukuu wake hakuwahi kuisikia hiyo. Alikuwa amesimama na bakuli lake, anataka na yeye zamu.

Kabla vyombo havijakauka nikampigia mama yangu kwa video, aone sufuria. Nyumbani ilikuwa saa moja mbele yetu, ameshafunga banda, miguu ipo kwenye beseni la maji ya moto na chumvi. Bibi akaiona ile beseni. Akaninyang'anya simu, akaishusha mpaka kwenye miguu yake mwenyewe, iliyovimba vilevile, na mama akaangua "Ee, pole mama! Pole!" Wakaendelea hivyo, mmoja kwa Kiswahili, mwingine kwa Kijerumani, wakionyeshana magoti na vifundo, mimi naosha vyombo. Tangu siku hiyo nikipiga simu mama haniulizi nimekula nini. Anauliza bibi yuko wapi.