Mifupa ya Bweyale

Mafundi walikuwa wakichimba msingi wa duka Bweyale, Uganda, kwenye barabara ya Gulu, walipokutana na mifupa ya mtu. Polisi walipoona ni ya zamani wakatuita sisi wa chuo, nikaenda na mwalimu wangu wa anatomia. Mkalimani hatukumhitaji: Bweyale ni mji wa makabila mengi, na sokoni ni Kiswahili tu.

Macho yangu yaliishia kwenye muundi. Mbele ulikuwa umejaa mfupa mpya, umebinuka kama jambia, nyuma umenyooka. Hayo si matege, maana mwenye matege mfupa wote hupinda. Wa mguu wa pili nao ulikuwa vivyo hivyo. Mwalimu akataja ugonjwa wa Paget, unaonenepesha na kupinda mifupa, ambao Afrika ni nadra sana, na uso wake ukachangamka (kila mtafiti hukitamani cha nadra, asikudanganye). Lakini Paget ni wa watu wazima, na mara nyingi haulingani kwenye miguu yote miwili. Huyu ncha ya mfupa wa mkono, pale begani, ndiyo kwanza ilikuwa inaungana. Kijana kabisa.

Bibi mmoja muuza mihogo akapenya katikati ya watu, akainama.

"Huyo alikuwa na buba, mwanangu. Kaka yangu alikuwa na miguu hiyo hiyo. Nyayo zilimpasuka akawa anatembelea kando za miguu. Watu wa sindano walipokuja vidonda vilipona, miguu ikabaki."

Buba ni ugonjwa wa bakteria wa ngozi na mifupa, na sindano hiyo ni penisilini, bila shaka. Sindano moja ilitosha. Kati ya 1952 na 1964 WHO na UNICEF walitibu watu wapatao milioni 50 katika nchi 46. Mimi buba niliijua kwa picha za vitabuni, nikaiweka kwenye kapu la magonjwa adimu. Zamani ilikuwa ya watoto wa kila kijiji.

Mwalimu akakumbuka mifupa iliyopewa namba KNM-ER 1808, ya Homo erectus (binadamu wa kale) wa Koobi Fora kando ya Ziwa Turkana, Kenya, mwenye zaidi ya miaka milioni 1.5. Wengine husema mifupa yake ilinenepa kwa vitamini A nyingi kutoka maini ya wanyama wala nyama. Wengine husema ni buba.

Kwenye ripoti aliandika "buba au kaswende", kwa kuwa mfupa peke yake hauyatenganishi vizuri, na kwa joto letu DNA huharibika upesi. Bibi hakujali ripoti. Alitaka kujua huyu kijana atazikwa wapi, na sanda atanunua nani.

Mwenye duka alinunua, huku akinung'unika.