Kuni za Desemba

Nina daftari la kurasa 96 ambamo nimekuwa nikiandika zawadi za Krismasi tangu 2010. Lilianza mwaka mmoja baada ya baba kufariki. Krismasi ya kwanza bila yeye, sisi watoto wake wanne tulifika nyumbani, karibu na Khayega upande wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, kila mmoja na kilo mbili za sukari na mikate miwili, na hakuna aliyekumbuka chumvi wala kiberiti. Usiku huo mama aliazima kiberiti kwa jirani. Niliona aibu. Niliporudi Nakuru nikanunua daftari ili mwaka unaofuata tupangiane.

Ukilisoma leo utaona tulivyokuwa tukifikiri. 2010, blanketi. 2011, leso jozi mbili. 2012, chupa ya chai ya lita tatu. 2013, blanketi. 2014, sweta na viatu. 2015, vikombe dazeni moja, vya maua. 2016, leso tena. 2017, blanketi zito la watu wawili, na kando yake nimeandika kwa kalamu nyekundu: deni.

Hilo deni nitalifikia. Kwanza baba.

Baba alichuma chai Kericho zaidi ya miaka ishirini, sisi tukibaki nyumbani na mama. Kila Desemba alikuja na katoni iliyofungwa kwa kamba ya katani, na ilikuwa sheria kwamba haifunguliwi mpaka awe amekunywa chai. Ndani mlikuwa na majani ya chai, sukari, mche mrefu wa sabuni ambao mama aliukata kwa uzi, mafuta ya kupikia, unga wa ngano wa chapati, na chini kabisa kitambaa. Kitambaa kimoja kwa sisi sote. Fundi wa sokoni alitushonea wasichana watatu gauni na kaka yetu shati, na kipande kilichobaki mama alijifunga kichwani. Tarehe 25 tulipoingia kanisani hakuna aliyehitaji kuuliza sisi ni watoto wa nani. Gauni lilishonwa kubwa makusudi, na upindo wa vidole vinne ili mwaka wa pili ufunguliwe, na wa tatu apewe mdogo wako. Mimi sasa ni fundi wa nguo Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, na mpaka leo nikiletewa mtoto apimwe nguo ya Krismasi naacha upindo huo bila kuambiwa. Wazazi wengi wa mjini huniomba niupunguze, eti mtoto anaonekana kama amevaa nguo ya dada yake. Nawaelewa, lakini mkono wangu ulishazoea.

Kwa miaka yote hiyo niliamini kwamba zawadi ya baba ilikuwa ile katoni.

Mwaka 2017 kazi ilikuwa hafifu. Uchaguzi wa urais wa Agosti ulirudiwa Oktoba, watu walishikilia pesa zao, na Desemba ilipofika oda zangu hazikufika nusu ya kawaida. Bado nilitaka kwenda nyumbani kama mtu anayefanya kazi mjini. Nikakopa kwa simu mahali pawili, jumla shilingi 12,000. Nilinunua lile blanketi, nikawavisha watoto, nikalipa nauli ya watu watano, na nauli za Desemba kwenda magharibi kila msafiri anazijua. Tulikaa siku tisa. Januari mikopo ikaanza kunidai. Wiki ya pili ya shule binti yangu wa kwanza, aliyekuwa kidato cha pili, alirudishwa nyumbani kuleta karo. Alikaa nami kibandani akinivutia nyuzi huku wenzake wakisoma, na nguo aliyokuwa amevaa ni ile ya Krismasi.

Mwishoni mwa mwezi huohuo baba yetu mdogo akafariki. Dada alinitumia nauli nikaondoka peke yangu, sina hata mkate mkononi. Nilifika saa kumi na moja jioni. Mama hakuwa akinitarajia saa hiyo. Nilimkuta jikoni, macho mekundu, anapika mboga kwa magunzi ya mahindi na majani makavu ya mgomba. Moto wa majani ya mgomba unawaka kwa kishindo na kufa kabla sufuria haijajua. Kila baada ya dakika moja alikuwa anainama kuutia mengine.

Nikamuuliza, "Mama, kuni ziko wapi?"

"Zilienda na wageni."

"Wageni gani?"

Aliniangalia kidogo kabla ya kujibu. "Nyinyi, mwanangu."

Hakusema kwa ubaya. Aliendelea kukoroga. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikaanza kuhesabu. Krismasi ile tulikuwa watu ishirini na watatu, na wajukuu. Chai asubuhi ya sufuria kubwa, maji ya kuoga ya watoto, mahindi na maharagwe, ugali mara mbili kwa siku, chapati siku tatu, kuku wa kienyeji anayechemka saa mbili ndipo alainike. Moto haukuzimika kuanzia alfajiri mpaka watu walale. Kuni zile alikuwa amezikusanya tangu Septemba, kidogo kidogo. Kwetu mashamba yamegawanywa mpaka yamekuwa vipande, mti wa kukata ni wa jirani, na anayetaka kuokota msituni Kakamega lazima alipie kibali, aokote zilizokauka tu, kisha azibebe kichwani mpaka nyumbani. Mama alikuwa na miaka 68 na goti bovu. Mzigo wa kununua ulikuwa shilingi mia moja, nao ulimtosha siku mbili.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema mtu hamwambii mgeni bei ya moto aliouota.

Hapo ndipo nilipokumbuka shoka. Baba alikuwa akifika tarehe 19 au 20, na kesho yake asubuhi tuliamshwa na shoka. Siku mbili nzima alipasua magogo nyuma ya nyumba na kuyapanga chini ya paa mpaka yakafika dirishani. Sisi watoto tulikuwa tunamwona anatuchelewesha, maana tulitaka apeleke kitambaa kwa fundi kabla foleni haijawa ndefu. Nilikumbuka kila kilichotoka kwenye katoni, hata harufu yake, na shoka nilikuwa nimelisahau kabisa.

Kesho yake mama alinituma sandukuni nitoe blanketi la kumfunika marehemu. Nilifungua nikakuta blanketi la 2010, la 2013, na lile langu la 2017 likiwa bado ndani ya mfuko wake wa plastiki. Leso zilikuwa na karatasi za dukani. Vikombe vya maua vyote kumi na viwili vilikuwepo, vimefungwa kwa gazeti. Nilikaa sakafuni. Deni la lile blanketi nilikuwa sijamaliza hata nusu, na karo ya mtoto ilikuwa bado. Mama alisimama mlangoni akaona ninavyoangalia, akasema, "Usifikiri sivipendi. Nikifungua hapo nawaona nyote."

Namwamini. Lakini usiku huo nilifungua ukurasa mpya kwenye daftari na sikuandika zawadi. Niliandika kuja kwetu kunakula nini: kuni, mahindi, maharagwe, mafuta, sabuni, maji ya kuchota kwenye chemchemi ya bondeni, nguvu za mama. Nikaunakili na kuwatumia ndugu zangu.

Dada zangu walielewa mara moja. Kaka alikataa. Alisema, "Nishuke gari Khayega mikono mitupu, watu wa sokoni waseme nini?" Sikumcheka, maana jambo hilo ni zito kwetu. Mtoto wa kiume aliyeko mjini anatazamwa amebeba nini tangu anaposhuka. Tulikubaliana kwamba katoni ibaki, moja tu kwa familia nzima, na yeye ndiye ataibeba. Vitu vingine vitangulie kabla yetu.

Jaribio la kwanza halikufaulu. Oktoba 2018 tulimtumia mama shilingi 4,000 za kuni kwa simu. Tulipofika tukakuta mizigo minne tu. Mtoto wa jirani alikuwa amelazwa hospitali na mama alitoa. Nilikasirika jioni nzima na nilimjibu vibaya, jambo ninalojutia mpaka sasa. Pesa ikiwa mkononi mwake ni pesa ya kijiji, ndivyo alivyo, na ndivyo alivyotulea wakati Kericho ilipochelewesha mshahara na majirani wakatulisha.

Tangu 2019 tunamlipa muuza kuni moja kwa moja. Shemeji yangu anayeishi huko anakwenda kuziangalia, ananipigia picha zikishashushwa, ndipo natuma pesa. Tulijifunza mambo kadhaa kwa gharama yetu. Pikapu moja ya kuni za blugamu, yaani mkaratusi, inatosha Krismasi na inambakizia mama mpaka karibu Machi, mradi zije zimepasuliwa, kwa sababu hakuna mtu nyumbani wa kupasua. Ziagizwe mapema Oktoba hivi, maana zikija mbichi Desemba zinatoa moshi na machozi tu. Mwaka huo wa 2019 mvua ilinyesha Oktoba mpaka Desemba bila huruma, nusu ya kuni zikalowa, tukanunua mabati matatu ya zamani ya kuzifunika. Mabati hayo yapo mpaka leo.

Za kulipia sikopi tena. Januari na Februari ndiyo misimu yangu ya sare za shule, na kila sare ninayoshona naweka shilingi ishirini kwenye kopo la maziwa lililo juu ya kabati. Si pesa ya kuiona. Mwaka mzuri kopo linafika kama shilingi elfu tano kabla sijaligusa, na dada zangu wanaleta mahindi na maharagwe kwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, wanayanunua Agosti na Septemba wakati wa mavuno bei ikiwa chini.

2020 sina mengi ya kusema. Shule zilifungwa tangu Machi, sare zikakoma, kopo likaisha. Nilishona barakoa na ndizo zilizotulisha. Desemba nilichukua kitambaa kimoja cha kitenge nikakata barakoa za kila mtu, mama, wajukuu wote, kaka na mkewe. Tulipoingia kanisani nilimwona mama anatuhesabu kwa macho, kisha akashika shavu lake. Hatukuzungumza, lakini nilijua anamwona nani.

Mwaka uliofuata tulimjengea jiko la upesi, lile la kichungi cha udongo linalofinyangwa na akina mama wa huku magharibi na kukandikwa kwa matope jikoni. Linakula kuni kidogo kuliko mafiga matatu, na moshi umepungua sana. Hata hivyo sufuria ya ugali wa watu ishirini haikai juu yake, inacheza, na mama alikataa tuyaondoe mafiga ya zamani. Alikuwa sahihi. Jiko ni la siku zake za kawaida, mafiga ni ya kwetu sote. Kaka alileta mtungi wa gesi wa kilo 6. Mama anautumia kwa chai ya alfajiri tu, tena mlango ukiwa wazi.

Sanduku nalo limeanza kupungua. Binti yangu alipomaliza kidato cha nne 2021, nyanya yake alimpa leso za 2011, karatasi ya dukani ikiwa bado imebandikwa. Vikombe vya maua viko mezani. Blanketi la 2017 alitoa mwenyewe, nikalikuta kitandani kwake limeshapauka pembeni kwa kufuliwa, na sikusema neno.

Yeye hajawahi kuacha kutupa. Siku ya kuondoka anatupangia gunia la ndizi za kupika, karanga, miwa miwili mitatu, na kuku aliyefungwa miguu ambaye analia kuanzia Chavakali mpaka Mau Summit. Zamani nilikuwa nampokea kuku huyo kama kawaida. Siku hizi naye ninamwandika daftarini, upande wa kulia, wa vinavyotoka kwa mama, kwa sababu anatoka nyumba hiyohiyo ambayo tumeila siku tisa. Mwaka jana upande wa kulia ulikuwa mrefu kuliko wa kushoto, wa tunavyoleta sisi.

Juzi shemeji alinitumia picha. Kuni zimefika, lakini muuzaji amechanganya na mbichi, naona ganda bado lina kijani. Nimezuia shilingi mia tano mpaka aongeze kavu. Mama amezipanga zote wima nyuma ya jiko ili zipate upepo, na ameomba kaka aje na shoka jipya kwa sababu mpini wa lile la baba umeoza. Nimemwandikia kaka: katoni, na shoka. Tunasafiri tarehe 20 Desemba, siku mbili mapema.