Siku moja maabara: seli shina na mlango uliokwisha kufungwa

Saa 1:00 asubuhi

Swali la leo: seli shina hujilindaje na virusi? Inkubeta, kabati la joto la kulelea seli, iko nyuzi 37, kaboni dioksaidi asilimia 5. Ndani kuna sahani mbili za visima 24. Nusu ya kila sahani ni seli shina, yaani seli ambazo bado hazijakomaa, nusu ni seli za ngozi zilizokomaa, zote za asili ya mtu mmoja. Jana saa 11 jioni nusu ya visima vya kila kundi vilitiwa interferoni-beta, protini inayozipigia seli kengele kwamba kuna kirusi, yuniti 100 kwa mililita. Sahani moja itapewa kirusi, nyingine ni ya PCR, kipimo cha kuonyesha jeni inafanya kazi kiasi gani.

Kwanza hadubini. Koloni nzuri, yaani kundi la seli shina, ina ukingo uliobana na seli ambazo kiini kimezijaza karibu kote. Ukiona pembeni seli zilizolala bapa, hizo zimeanza kukomaa, na seli inayokomaa huanza kuitikia interferoni. Kisima kimoja cha namna hiyo kinatosha kuharibu jibu. Siku ya jaribio hatukwangui kitu. Kisima hicho kinapigwa alama na kuachwa nje ya hesabu.

Saa 2:00

Kuhesabu. Kisima kimoja cha kila kundi kinatolewa sadaka: seli zinaachanishwa kwa kimeng'enya, zinatiwa rangi ya bluu ya tripani inayoonyesha zilizokufa, zinahesabiwa. Tuseme zimetoka 100,000. Tunataka chembe 1 ya kirusi kwa kila seli 10, yaani chembe 10,000. Akiba ina milioni 10 kwa mililita, kwa hiyo inazimuliwa mara 200 na kila kisima kinapata mikrolita 200. Seli za ngozi zikiwa 60,000, dozi yake inapigiwa hesabu upya. Wengi hutumia dozi moja kwa wote, halafu wanashangaa.

Saa 3:30

Kirusi ni VSV, kirusi cha mifugo kinachotumika sana maabara, kilichopandikizwa jeni ya protini ya kijani, kwa hiyo seli iliyoambukizwa inang'aa. Kabla yake visima vinaoshwa mara mbili ili interferoni ya jana itoke. Usioshe seli shina kwa maji ya chumvi yasiyo na kalsiamu na magnesiamu: viungo vya seli kwa seli vinalegea na koloni inang'oka nzima nzima. Tumia midia tupu, yaani maji ya lishe ya seli, ukimimina taratibu ukutani mwa kisima.

Saa nzima kirusi kinakaa juu ya seli. Kila dakika 15 sahani inainamishwa huku na huku, la sivyo katikati pa kisima panakauka na seli zinakufa kwa kiu, si kwa maradhi. Kisha kuosha tena na kuongeza midia.

Saa 6:00 mchana

PCR ya sahani ya pili, na hapa ndipo watu hujikwaa. Tunapima jeni mbili za kupambana na virusi, MX1 na IFITM1. Kwenye seli za ngozi interferoni inaigusa MX1, nayo inapaa. Kwenye seli shina karibu hakuna kinachotikisika. Anayeangalia tu "imepanda mara ngapi" ataandika kwamba seli shina hazina kinga. Aangalie kiwango cha kabla ya interferoni: IFITM1 iko juu tayari. Protini za familia hiyo hukaa kwenye utando na kuuzuia usiungane na utando wa kirusi. Seli iliyokomaa hungoja kengele ndipo ifunge mlango. Seli shina imeufunga tangu mwanzo. Ina sababu: interferoni huzuia seli kugawanyika na inaweza kuiua, na seli shina ikiacha kugawanyika, nani atajenga tishu?

Jambo hili lilionyeshwa mwaka 2018 na Xianfang Wu, Charles Rice na wenzao wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Mwaka 2021 wenzetu wa Taasisi ya Francis Crick, London, waliongeza silaha nyingine: aina fupi ya protini Dicer, iitwayo aviD, inayokatakata RNA ya kirusi ndani ya seli shina.

Saa 11:30 jioni

Zimepita saa nane tangu kirusi kiwekwe. Seli za ngozi zisizopewa interferoni zinapaswa kuwa kijani kibichi. Zilizopewa, chache tu. Seli shina ziwe chache pande zote mbili. Lakini kutong'aa peke yake si ushahidi wa kinga, huenda kirusi hakikuingia kwa sababu nyingine. Ndiyo maana kuna visima vya seli shina ambazo jeni za IFITM zilizimwa siku tatu kabla. Hivyo vikiwa kijani zaidi, tuna hoja.

Majimaji ya juu yanagandishwa nyuzi hasi 80, yatapimwa kesho kwenye seli za Vero, zilizotokana na figo ya nyani, ili kuhesabu virusi vilivyomo. Vero haziwezi kutengeneza interferoni yake lakini huitikia ya mwenzake. Mabaki ya interferoni ya jana yangezilinda, na tungehesabu virusi pungufu. Ule uoshaji wa saa 3:30 ulikuwa kwa ajili hiyo.

Vilivyogusa kirusi vinalowekwa kwenye jiki, kabati linafutwa kwa ethanoli ya asilimia 70. Mwisho ni chakula cha seli shina za akiba, ambazo Jumapili haziijui. Zikirukwa siku moja, pembeni mwa koloni wale bapa wanaanza kujitokeza.