Nilivyorudia Baiolojia nikiuza ndizi Mbuyuni

Mara ya kwanza Baiolojia ya kidato cha sita ilinipa E. Uvivu sikuwa nao. Pasti pepa nilikuwa nazo bunda zima, ila nilikuwa nasoma swali, nachungulia jibu, naitikia kwa kichwa, huyoo swali linalofuata. Mwaka uliofuata nikajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikahamia Moshi kwa mama mdogo, anayeuza ndizi soko la Mbuyuni.

Nilibadilisha kitu kimoja tu. Jibu nalifunika, naandika langu lote kwa kalamu hata kama nabahatisha, ndipo nafunua. Nikikosa, naandika pembeni kwa wino mwekundu kilichonipotosha.

Jenetiki, yaani elimu ya urithi, ilinitoa jasho. Kila swali la jeni mbili mimi nilikuwa nalibandika 9:3:3:1, uwiano wa watoto aliougundua Mendel, baba wa jenetiki. Jioni moja nikakutana na mmea wenye jeni mchanganyiko (moja tawala, moja fichu, kwa kila sifa) uliopandishwa na mwenzake mwenye sifa fichu zote mbili. Mimea 100 ilipatikana, ya aina nne: 41, 38, 11 na 10. Hapo Mendel anatoa 1:1:1:1, kwa hiyo nilitarajia 25 kila aina, nikaona pepa limekosewa. Kai-skwea, hesabu ya kupima kama tofauti ni ya bahati tu, ikatoka 33.84 wakati mpaka ni 7.82, na bado nabisha! Kumbe jeni zile zimekaa kwenye kromosomu moja, yaani uzi mmoja unaobeba jeni, zinarithiwa pamoja; ile 21 ya aina mbili ndogo imetokana na kromosomu kubadilishana vipande, kwa hiyo umbali kati ya jeni ni sentimogani 21, moja kwa kila asilimia ya mimea iliyotokana na kubadilishana huko. Wino mwekundu siku hiyo: "Hesabu kwanza, Mendel baadaye."

Baadaye nikazoea kujumlisha uwiano wa kizazi cha pili. 9:7, 9:3:4, 12:3:1, zote zinafika 16, sawa na 9:3:3:1. Hapo ni jeni mbili zinazoingiliana kazi, ila kila moja inarithiwa kivyake.

Fisiolojia ya mimea ilikuwa nafuu. Stomata, vile vitundu vya hewa kwenye jani, nilikariri: potasiamu inaingia seli linzi zinazozunguka tundu, maji yanafuata, seli zinavimba, tundu linafunguka. Ethilini nilifundishwa nyumbani. Mama mdogo akivundika ndizi, anazipanga kwenye tenga, katikati anatupia moja iliyoiva, anafunika gunia.

"Ya nini hiyo, mama mdogo?"

"Inawaita wenzake, baba."

Wiki hiyohiyo nikalikuta swali lenyewe. Nikaandika kwamba tunda linaloiva hutoa gesi ya ethilini, gesi inachochea mengine yaive, nayo yanatoa zaidi. Gunia linaizuia isitoroke. Nilipofunua mwongozo wa kusahihisha, nilikuwa nimekosa hoja moja, ya upumuaji wa tunda kupanda ghafla linapoanza kuiva. Wino mwekundu.

Mtihani niliufanya Mei, matope ya masika yakiwa hadi kwenye soksi. Matokeo yakaja na B. Mama mdogo aliuliza kama hiyo B ni nzuri au mbaya. Nikamwambia nzuri. "Haya, basi nyanyua tenga, wateja wanasubiri."