Kuchagua bunduki fupi ya wenzo inayotumia risasi ya bastola

Hapa Marekani, mtu anayetafuta bunduki ya kutembea nayo vichakani, mahali ambapo kulungu hujitokeza ghafla umbali wa mita hamsini, mara nyingi huonyeshwa kwanza bunduki ndefu zenye darubini. Kwa kazi hiyo mimi naipendelea bunduki ya wenzo, yaani yenye mkono chini yake unaosukumwa na kurudishwa ili kutoa ganda na kuingiza risasi mpya, yenye mtutu wa inchi 16 na inayotumia risasi ya bastola, na sababu yangu kubwa imo katika baruti.

Baruti ya risasi za bastola hutengenezwa iungue upesi, kwa hiyo haihitaji mtutu mrefu ili imalize kazi yake. Risasi ya .357 Magnum, iliyoanza kuuzwa mwaka 1935, hukirusha kichwa chenye uzito wa gramu 10 hivi kwa kasi ya takriban mita 380 kwa sekunde ikiwa imefyatuliwa kutoka bastola yenye mtutu wa inchi 4. Ikifyatuliwa kutoka mtutu wa inchi 16, kasi hiyo inaweza kukaribia mita 550, maana yake nishati huongezeka takriban maradufu. Ukiurefusha mtutu hadi inchi 20 au 24, unachoongeza ni kidogo mno kulinganishwa na uzito utakaoubeba kutwa. Risasi ya .30-30, ambayo ni ya bunduki, si ya bastola, ni tofauti, kwa kuwa baruti yake ni nyingi na huungua polepole zaidi, hivyo mtutu mfupi huipunguzia kasi kwa kiasi kinachoonekana.

Wazo hili ni la zamani. Bunduki ya wenzo ya Winchester ya mwaka 1873 ilitumia risasi ya .44-40, na Colt ikaanza kutengeneza bastola za risasi hiyohiyo miaka michache baadaye, hivyo mtu aliweza kubeba aina moja tu ya risasi kwa silaha zote mbili. John Browning alibuni Winchester ya mwaka 1892, yenye komeo mbili imara za wima zinazoifunga bunduki wakati wa kufyatua, na ni muundo huo ambao Rossi ya Brazili inaufuata hadi leo katika R92 yake.

Usishuke chini ya inchi 16 bila kuijua sheria. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1934, pamoja na marekebisho yake, inataka bunduki ambayo mtutu wake haufiki inchi 16, au ambayo urefu wake wote haufiki inchi 26, isajiliwe serikalini kwanza, na baadhi ya majimbo yana masharti makali zaidi.

Katika kaliba, naichagua .357 bila kusita, kwa sababu bunduki hiyohiyo hupokea pia .38 Special, ambayo ni nafuu, ina teke dogo na inamfaa anayejifunza. Anayewinda wanyama wakubwa zaidi achukue .44 Magnum. Hata hivyo, risasi zote hizi ni za masafa mafupi, na kwa kulungu sipendi kufyatua kupita mita 100, kwa maana mnyama anastahili kufa upesi bila mateso.

R92 ni nyepesi, nayo hutupa maganda juu, jambo linaloleta shida kwa anayetaka kufunga darubini juu ya mwili wa bunduki. Marlin 1894 hutupa maganda ubavuni na mgongo wake umefungika, kwa hiyo mwenye macho hafifu ataipenda zaidi. Henry ina wenzo laini, ila mtutu mzito wa modeli yake ya Big Boy huondoa sehemu ya faida ya ufupi.

Kabla ya kulipa, omba ruhusa ya kupitisha risasi bandia za urefu mbalimbali, ukiusukuma wenzo kwa nguvu kama utakavyofanya porini, kwa sababu bunduki nyingine huzipokea .357 vizuri lakini hukwama kwa .38 zilizo fupi. Tumia vichwa bapa, kwa kuwa ndani ya bomba la risasi lililo chini ya mtutu kila kichwa huegemea fataki, yaani kiwashio cha baruti, ya risasi iliyo mbele yake, na kichwa chenye ncha kinaweza kuilipua.